Mchora farasi aliyeanzia kwenye kitabu cha wakunga

Wiki tatu zilizopita dada yangu alinipigia simu saa mbili usiku. Hakuanza na salamu.

"Njoo umwone mwanao," alisema. Akisema "mwanao" najua kuna kesi.

Kesi yenyewe ilikuwa daftari la Hisabati la mpwa wangu, mwanafunzi wa darasa la pili. Mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: mzazi afike shuleni. Kurasa zilizotakiwa kuwa na hesabu za kutoa na kujumlisha zilikuwa na mbuzi. Mbuzi wa jirani amesimama, mbuzi amelala, mbuzi anakula mfuko wa nailoni, mbuzi kwa nyuma. Dada alimchapa mtoto fimbo mbili, akakusanya penseli zote na kuziweka juu ya kabati la vyombo.

Siku hiyo nilikuwa naandaa habari kuhusu uzazi salama, nikisoma historia ya ile michoro inayobandikwa kwenye kuta za kliniki za wajawazito. Mama yeyote aliyehudhuria kliniki anaijua: mtoto amelala kichwa chini, mwingine ametanguliza makalio, mwingine amelala kingamo. Nilitaka kujua wazo la kuwachorea wakunga picha za namna hiyo lina umri gani.

Katika kusoma huko nikakutana na jina nisilolitegemea. Mmoja wa watu waliochora watoto wakiwa tumboni, zaidi ya miaka 270 iliyopita, ndiye aliyekuja kuwa mchoraji mkubwa wa farasi katika historia ya Uingereza. Naye alianza akiwa mtoto, kwa kuchora vitu ambavyo wazazi wengi wangemfukuza navyo mezani.

Nimeona nisimalize hasira za dada yangu kwa simu tu. Nimsimulie na msomaji mwenye mtoto kama huyu nyumbani.

Mifupa ya kuazima

George Stubbs alizaliwa Liverpool mwaka 1724. Baba yake alikuwa fundi wa kulainisha ngozi baada ya kutoka kwa watengenezaji, na alitarajia kijana wake aishike kazi hiyo. Nyumba ya fundi ngozi haikosi harufu, na haikosi ngozi na miili ya wanyama jirani.

Simulizi iliyoandikwa na rafiki yake mchoraji, Ozias Humphry, inasema Stubbs alianza kuchora mifupa akiwa na umri wa miaka minane tu. Daktari aliyeishi karibu nao alikuwa akimwazima mifupa, anaichora, kisha anairudisha. Mtu mzima mmoja alimwona mtoto anavutwa na jambo fulani na hakumcheka.

Baba alifariki mwaka 1741, kijana akiwa anaelekea miaka 17. Stubbs alikuwa amekwenda kujifunza kwa mchoraji aliyekuwa akinakili picha katika jumba la tajiri mmoja nje ya Liverpool. Walikorofishana upesi, wakaachana. Kijana akaamua kwamba hatanakili picha za watu wengine. Atatazama vitu vyenyewe.

Akahamia mji wa York. Huko alipata kipato kwa kuchora sura za watu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye miili. Alisoma anatomia hospitalini, hadi akawa anawafundisha wanafunzi wa udaktari.

Mwaka 1751 daktari John Burton wa mji huo alitoa kitabu kikubwa cha ukunga, na kazi ya michoro alimpa Stubbs. Ili kuichora, Stubbs alishiriki kupasua mwili wa mama aliyefariki kwa uzazi. Hakuwahi kuchonga picha kwenye bamba la shaba kabla ya hapo, na ilibidi aombe mafunzo ya haraka kwa mtu aliyefahamu kidogo kazi hiyo. Michoro yake 18 ilitoka bila jina lake.

Kwa jicho la leo michoro ile ina mapungufu, na yeye mwenyewe hakuionea fahari. Lakini ukiielewa inagusa. Enzi hizo vifo vya uzazi vilikuwa jambo la kila mtaa, na mkunga alifanya kazi kwa kupapasa tu. Mchoro ulimwonyesha kile ambacho mikono yake ilikuwa ikikigusa gizani.

Miezi 18 kwenye nyumba ya shambani

Mwaka 1756 hivi, Stubbs alikodi nyumba ya shambani katika kijiji cha Horkstow, mkoa wa Lincolnshire. Aliishi na kufanya kazi huko kwa muda wa takribani miezi 18. Kazi yenyewe ilikuwa kumpasua farasi, tabaka moja baada ya jingine, na kuchora kila alichokiona.

Farasi aliletwa akiwa hai, akatolewa damu mpaka akafa. Mishipa yake ilijazwa nta au mafuta ya mnyama ili isisinyae. Kisha alitundikwa kwa kulabu zilizoshikizwa kwenye nondo juu ya dari, miguu ikiwekwa kana kwamba anatembea. Stubbs alianza na ngozi, akaiondoa, akachora misuli ya juu. Akaondoa hiyo, akachora ya chini yake. Hivyo hivyo mpaka ikabaki mifupa mitupu.

Hakukuwa na friji wala dawa za kisasa za kuhifadhi maiti. Farasi mmoja alikaa juu ya kulabu zile kwa wiki 11. Aliyewahi kuingia chumba cha maiti siku umeme umekatika anaweza kukisia hewa ya nyumba ile.

Stubbs hakuwa peke yake. Alikuwa na Mary Spencer, mwenzi wake wa maisha, ambaye alimsaidia katika kazi ile. Waliishi pamoja miaka mingi bila ndoa rasmi, na mtoto wao wa kiume, George Townly, baadaye akawa mchongaji wa picha. Vitabu vingi vya sanaa vinampa Mary sentensi moja au mbili. Mimi ningempa ukurasa. Farasi mzima si kitu cha mtu mmoja kugeuza na kutundika, na jina lililoandikwa kwenye jalada ni moja.

Stubbs alipopeleka michoro London, wachongaji wa mabamba waliikataa. Haikufanana na kazi walizozizoea. Akaamua kuichonga mwenyewe. Mchana alichora picha za kulipwa ili nyumba ile, asubuhi mapema na usiku alichonga farasi wake. Kitabu, Anatomy of the Horse, kilitoka mwaka 1766, miaka minane hivi baada ya kuondoka Horkstow.

Wanasayansi wa nchi nyingine walikisifia, akiwamo Petrus Camper, mtaalamu wa anatomia kutoka Uholanzi. Kumbuka kwamba wakati huo Uingereza haikuwa na chuo cha udaktari wa mifugo. Chuo cha kwanza kilianzishwa London mwaka 1791. Kwa miaka 25 kabla ya hapo, mtu aliyetaka kujua mshipa wa shingo ya farasi unapita wapi angeweza kufungua kitabu cha mtoto wa fundi ngozi.

Picha za mbio, na yasiyoonekana ndani yake

Matajiri wenye mashamba waliona haraka tofauti ya Stubbs na wengine. Farasi wake walikuwa na uzito. Mishipa ilipita mahali pake. Wamiliki wa farasi wa mbio wakaanza kumwita mashambani kwao kuchora farasi, mbwa wa kuwindia, watunza farasi na wapanda farasi.

Picha yake inayojulikana zaidi ni ya farasi aitwaye Whistlejacket, iliyochorwa mwaka 1762 hivi. Ina urefu wa karibu mita tatu. Haina mpanda farasi, haina mti, haina anga: ni farasi tu aliyesimama kwa miguu ya nyuma kwenye rangi tupu ya mchanga. Mwaka 1997 National Gallery ya London iliinunua kwa pauni milioni 11, na inaning'inia huko.

Alimchora pia Eclipse, farasi aliyeshinda mbio zote 18 alizokimbia mwaka 1769 na 1770. Eclipse alipokufa mwaka 1789 mwili wake ulipasuliwa na Charles Vial de Sainbel, Mfaransa ambaye ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa kwanza wa chuo kile cha mifugo. Watu walitaka kujua siri ya kasi yake imo wapi.

Na kuna picha moja inayotuhusu zaidi sisi wa bara hili. Mwaka 1762 Malkia Charlotte aliletewa pundamilia kutoka kusini mwa Afrika, na wakazi wa London wakawa wanapanga foleni kumtazama. Stubbs alimchora mwaka uliofuata, akimweka chini ya miti ya Kiingereza. Mistari yake, masikio, mkunjo wa ngozi shingoni, vyote alivichora kwa uaminifu. Lakini pundamilia yule yuko peke yake. Anayejua pundamilia wetu wanavyotembea makundi kwa makundi ataona upweke ule mara moja.

Picha za michezo ya mashambani zina tatizo hilo: zinaonyesha uzuri, na mengine yanabaki nje ya fremu. Sungura anayekimbizwa anachorwa akiwa mbele ya mbwa, mara chache akiwa mdomoni mwao.

Stubbs mwenyewe aliligusa jambo hilo uzeeni. Mwaka 1799 farasi aitwaye Hambletonian alishindanishwa na mwenzake Diamond katika uwanja wa Newmarket, kwa dau la pesa nyingi mno. Hambletonian alishinda kwa tofauti ndogo sana, akiwa amechapwa na kuchomwa kwa michokoo vibaya. Mmiliki wake, Sir Henry Vane-Tempest, aliagiza picha ya ushindi.

Stubbs, mzee wa miaka 75, hakuchora shangwe. Alimchora farasi baada ya mbio, amechoka, mdomo wazi, akisuguliwa jasho, mtunzaji mmoja akiwa amemwekea mkono mgongoni. Watu wawili waliomo kwenye picha wanamtazama anayetazama, kama wanaouliza umekuja kufanya nini. Vane-Tempest aligoma kulipa. Mzee akaenda mahakamani, na akashinda kesi.

Mvulana aliyechorea kwenye makaburi

Nikarudi kwenye swali la dada yangu: je, mtoto anayejaza daftari kwa mbuzi aachwe tu?

Thomas Bewick alizaliwa mwaka 1753 katika nyumba ya Cherryburn, karibu na mto Tyne, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima mdogo aliyekodi pia machimbo ya makaa ya mawe. Thomas alikuwa mkubwa wa watoto wanane, na shuleni hakuwa malaika. Alijaza michoro kwenye pembe za vitabu vyake mpaka nafasi ikaisha. Akahamia kwenye mawe ya makaburi na sakafu ya baraza la kanisa la Ovingham, akichora kwa chaki. Nyumbani alichorea kwenye mawe ya mekoni, uso ukiungua kwa moto.

Baba alimkaripia kwa kupoteza muda. Hata hivyo, mtu mmoja alimhurumia akampatia karatasi, na kalamu na wino vikafuata. Rangi alijitengenezea kwa juisi ya matunda ya porini. Baada ya muda kuta za nyumba za majirani zilikuwa na picha zake za uwindaji: farasi, mbwa na wawindaji wa kijiji kile kile, kila mmoja akitambulika. Kwa wanakijiji yule mtoto alikuwa mchoraji wao.

Alipofika miaka 14 alipelekwa Newcastle kujifunza ufundi kwa mchongaji Ralph Beilby. Huko aligundua kipaji chake halisi: kuchonga picha kwenye kibao cha mti mgumu, upande uliokatwa kwa kukingama, kwa kifaa chembamba cha kuchongea chuma. Picha ya namna hiyo ilipigwa chapa pamoja na maandishi, kwa gharama nafuu. Kitabu chake cha wanyama wenye miguu minne kilitoka mwaka 1790, na vitabu viwili vya ndege vikafuata mwaka 1797 na 1804. Wanyama wakaingia nyumbani kwa watu wasioweza kununua picha ya ukutani.

Bewick aliacha kumbukumbu za maisha yake, alizoziandika kwa kuombwa na binti yake Jane. Humo kuna mkasa ambao kila mzazi angepaswa kuusoma.

Akiwa mtoto alipenda uwindaji kama wenzake. Siku moja sungura aliyekuwa akifukuzwa na mbwa alimjia, naye akamdaka mikononi. Mbwa wakamzunguka. Sungura akawa analia kwa sauti kama ya mtoto mchanga. Mvulana alitaka kumwokoa, na mkulima mmoja alipomwomba ampe, akampa akiamini yuko salama. Mkulima akamvunja mguu mmoja, akamwachia akimbie kwa miguu mitatu ili watu wapate burudani.

Tangu siku hiyo, aliandika, hakuutazama tena uwindaji kwa macho yale yale. Na siku nyingine alimpiga ndege kwa jiwe, akamwokota, ndege akamtazama usoni akiwa anakufa. Hakuua tena ndege kwa mchezo.

Ukiifahamu habari hiyo, unaelewa kwa nini kwenye vitabu vyake, mwisho wa sura, kuna vile vipicha vidogo: mbwa mwenye njaa, kikongwe na paka wake, askari wa zamani mwenye mguu wa mti, farasi mzee kwenye mvua. Jicho lililofundishwa kutazama manyoya lilikuwa limefundishwa pia kutazama maumivu.

Ng'ombe wa kuongezewa mafuta

Kuna sehemu nyingine ya sanaa hii ambayo mwandishi wa afya hawezi kuipita kimya. Ni picha za mifugo iliyonona kupita kiasi.

Mwishoni mwa karne ya 18 wafugaji wa Uingereza walikuwa wakishindana kuzalisha ng'ombe, kondoo na nguruwe wakubwa. Waliita wachoraji ili picha zitangaze mbegu zao. Utaziona: ng'ombe kama kabati, mwili wa mraba, kichwa kidogo na miguu minne myembamba kama ya kuazimwa.

Maarufu zaidi alikuwa maksai wa Durham, aliyezaliwa mwaka 1796 katika shamba la Charles Colling. Alikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 1,300. Tangu mwaka 1801 alizungushwa nchi nzima kwenye gari maalumu, watu wakilipa kumtazama, na picha yake iliyotoka mwaka 1802 ikanunuliwa na maelfu. Mwaka 1807 aliteguka nyonga, hali yake ikazidi kuwa mbaya na ikabidi achinjwe. Mwili ule uliosifiwa ukutani ulikuwa mzigo kwa mwenye nao.

Bewick aliitwa kuchora mifugo ya namna hiyo. Anasimulia kwamba alichora alichokiona, na wenyewe hawakuridhika. Walitaka aongeze vinundu vya mafuta hapa na pale, mahali ambapo hakuviona. Alikataa. Aliona wachoraji wengine walikubali, wakalipwa.

Niliposoma hapo nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Leo simu zetu zinapunguza tumbo na kuongeza makalio kwa kidole kimoja, na mabinti zetu wanalinganisha miili yao na picha hizo. Wafugaji wale waliongeza, sisi tunapunguza. Uongo ni ule ule: mwili uliopo haukutosha kwa aliyekuwa akiuza.

Uongo mwingine haukuwa wa makusudi. Kwa karne nyingi farasi anayekimbia alichorwa amenyoosha miguu yote minne, miwili mbele na miwili nyuma, kama anaruka. Hata Stubbs alichora hivyo baadhi ya picha za mbio. Mwaka 1878, huko California, Mwingereza Eadweard Muybridge alipanga kamera kando ya njia ya farasi na kupiga picha mfululizo. Ikaonekana kuwa miguu yote huachana na ardhi kwa nukta ndogo, lakini wakati huo imekunjwa chini ya tumbo. Mtu aliyejua kila msuli wa farasi alikuwa ameshindwa kuona mwendo wake, kwa sababu jicho lina kikomo.

Barua kwa mtoto mgonjwa

Mfano wa mwisho ni wa mwanamke. Beatrix Potter alizaliwa London mwaka 1866, katika familia yenye uwezo. Hakupelekwa shule, kama ilivyokuwa kwa mabinti wengi wa tabaka lake. Yeye na mdogo wake Bertram walijaza chumba chao cha masomo sungura, panya, vyura na popo. Walipokufa, watoto wale waliwachora, na wengine waliwachemsha ili kupata mifupa yao na kuichunguza. Likizo zilikuwa za mashambani, Scotland na baadaye kaskazini mwa Uingereza.

Septemba 1893, mtoto wa miaka mitano aitwaye Noel Moore alikuwa mgonjwa kitandani. Mama yake aliwahi kuwa mwalimu wa nyumbani wa Beatrix. Beatrix alimwandikia barua ya kumchangamsha, yenye hadithi na michoro ya sungura wanne. Barua hiyo ndiyo iliyozaa kitabu cha Peter Rabbit. Wachapishaji kadhaa walikikataa, akachapisha nakala 250 kwa pesa zake mwaka 1901, na mwaka uliofuata kampuni ya Frederick Warne ikakitoa kwa wote.

Sungura yule amevaa koti, lakini tazama mgongo wake na miguu yake ya nyuma. Ni sungura wa kweli, aliyechorwa na mtu aliyemshika.

Kwa pesa za vitabu Beatrix alinunua shamba la Hill Top mwaka 1905, akawa mfugaji mahiri wa kondoo aina ya Herdwick. Alipofariki mwaka 1943 aliacha zaidi ya ekari 4,000 za ardhi zitunzwe kwa ajili ya taifa.

Mzazi afanye nini?

Sisemi kila mtoto anayechora mbuzi atakuwa Stubbs. Wengi hawatakuwa, na hakuna ubaya. Lakini ukiangalia watu hawa watatu kuna mambo machache yanayojirudia, na yako ndani ya uwezo wa familia zetu.

La kwanza, kila mmoja alikuwa na mtu aliyempa kitu kidogo: mfupa wa kuazima, karatasi, ruhusa ya kufuga sungura chumbani. Karatasi tupu si ghali kama daftari la shule linaloharibiwa. Mpe mtoto daftari lake la kuchorea, na mweleze wazi kwamba la Hisabati ni la Hisabati.

La pili, walitazama wanyama wenyewe. Mtoto anayenakili katuni za kwenye simu atachora katuni. Mkalishe mbele ya kuku wa kweli kwa nusu saa. Usimsahihishe haraka. Muulize tu: vidole vya kuku viko vingapi, na vinaelekea wapi?

La tatu, walijifunza kwamba mnyama anaumia. Mtoto anayemtazama mbwa kwa muda mrefu kiasi cha kumchora si rahisi kumpiga mawe.

La nne ni langu la kiafya. Usimruhusu mtoto kushika mbwa, paka au mnyama wa porini asiyemfahamu, kwa hofu ya kichaa cha mbwa. Akiumwa au akikwaruzwa, oshwa kidonda papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha awahishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Aoshe mikono kila akitoka bandani. Na mambo ya mizoga na kuchemsha mifupa yabaki kwenye historia.

Kwa wanaopenda kujua mwisho wa michoro ile ya Horkstow: baada ya Stubbs kufariki mwaka 1806 ilipitia mikononi mwa mchoraji wanyama Edwin Landseer, aliyeonyesha kazi zake Royal Academy akiwa na miaka 13 tu. Landseer alisifiwa na wafalme, lakini aliugua akili kwa miaka mingi hadi kifo chake mwaka 1873. Kaka yake Charles aliiachia taasisi hiyo michoro ya Stubbs, na ipo London mpaka leo.

Jumamosi nilikwenda kwa dada na bunda la karatasi nyeupe. Tulikaa na mpwa wangu karibu na uzio wa jirani, kwenye kivuli. Alichora kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akauliza: "Mama mdogo, mbona goti la nyuma la mbuzi linakunja kinyume?"

Nilimwambia ainue mguu wake, asimame kwa ncha za vidole. Lile si goti, ni kifundo, sawa na hicho chake hapo juu ya kisigino. Goti lenyewe liko juu, limejificha karibu na tumbo. Alinitazama, akamtazama mbuzi, akapapasa mguu wake. Akafuta alichochora, akaanza upya.

Dada alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Jioni ile alishusha penseli kabatini. Sharti ni hesabu kumi kwanza, mbuzi baadaye. Mpaka naandika makala haya, hesabu bado zinasuasua, ila mbuzi sasa wana magoti.